Albert Szent-Györgyi, Mtu Aliyeuliza Kwa Nini Ndizi Hugeuka Nyeusi

Chukua ndizi moja mbivu, au parachichi. Ikate vipande viwili. Kipande kimoja kiache hivyo hivyo. Kipande cha pili kipake maji ya limau. Sasa nenda ukakate majani ya ng'ombe, kisha urudi. Utaona kipande cha kwanza kimegeuka rangi. Kimekuwa cha kahawia. Kipande chenye limau bado ni kizuri.

Akina mama wa Marangu, Machame, Kibosho na Rombo wanalijua jambo hili. Mama akimenya ndizi za mtori huzitia upesi katika maji ili zisiwe nyeusi. Hakuna aliyempa cheti kwa ujuzi huo. Lakini huko Ulaya alikuwako mtu mmoja aliyelitazama jambo hilo hilo na kujiuliza sababu yake. Alijiuliza kwa miaka mingi. Swali hilo la jikoni likamfikisha kwenye tuzo ya Nobel, ambayo ni heshima kubwa sana kwa wataalamu duniani.

Mtu huyo aliitwa Albert Szent-Györgyi. Jina lake ni gumu kwa ndimi zetu. Litamke Sent-Jorji, wala usiogope. Katika habari hii tutamwita Albert tu.

Utoto wake

Albert alizaliwa tarehe 16 Septemba 1893 katika mji wa Budapest, nchi ya Hungaria. Utotoni hakuwa hodari wa masomo. Hakupenda vitabu. Mjomba wake alikuwa profesa wa elimu ya mwili wa binadamu. Mjomba huyo alimwona kijana kuwa mzito wa akili.

Alipokuwa kijana wa kama miaka kumi na sita, Albert alibadilika. Alianza kusoma kwa bidii, akataka awe mtaalamu kama mjomba wake. Mjomba alikataa. Baadaye, alipoona kijana anaendelea vizuri, alilegea. Mwaka 1911 Albert aliingia chuo kikuu cha Budapest kusomea udaktari.

Ninalitaja jambo hili kwa sababu katika madarasa yetu wamo wanaodhani kuwa kichwa kikichelewa kufunguka, hakifunguki tena.

Vita

Mwaka 1914 Vita Kuu ya Kwanza ilianza. Albert alikuwa bado mwanafunzi. Alipelekwa vitani kuwatibu askari. Alifanya kazi yake vizuri, hata akapewa nishani ya ushujaa. Lakini kila siku aliona vijana wakifa, na hakuona faida ya vifo vyao. Mwaka 1916 alichukua bunduki, akajipiga risasi mkononi. Mfupa ukavunjika. Akarudishwa nyumbani kama majeruhi, akaendelea na masomo. Mwaka 1917 alipata shahada yake ya udaktari.

Wako watakaosema kuwa alikuwa mwoga. Mimi sikuwako katika mahandaki yale, kwa hiyo siwezi kumhukumu. Mwaka ule ule wa 1916 vita hivyo hivyo vilipita hapa kwetu. Mwezi wa Machi majeshi ya Waingereza, chini ya Jenerali Smuts, yaliingia Moshi na kuwaondoa Wajerumani. Waafrika wengi waliobebeshwa mizigo ya majeshi yale hawakurudi makwao. Waliuawa na njaa, homa na kuhara zaidi kuliko risasi. Hakuna aliyewauliza kama wanaona faida.

Ndizi na tezi

Vita vilipokwisha, Hungaria ilikuwa nchi maskini. Albert alihamahama na mkewe na mtoto wao mdogo. Alikwenda Prague, Berlin, kisha Uholanzi. Huko Uholanzi, katika mji wa Groningen, ndiko alikoanza kuchunguza mimea.

Aliona kwamba mimea ina makundi mawili. Viazi, matofaa na ndizi vikijeruhiwa hugeuka rangi. Malimau, machungwa na kabichi havigeuki hivyo. Kwa nini?

Hapa inafaa tueleze kidogo. Hewa tunayovuta ina sehemu iitwayo oksijeni. Bila oksijeni moto hauwaki, na mtu hawezi kuishi. Lakini oksijeni ni rafiki mwenye meno. Panga ukiliacha nje kwenye umande, oksijeni hulila, nalo hushika kutu. Mafuta ya kupikia yakikaa wazi muda mrefu, oksijeni huyaharibu, nayo hunuka. Ndizi iliyokatwa nayo hushambuliwa na oksijeni, ikageuka nyeusi.

Albert alifikiri hivi: kama limau haligeuki, basi lazima lina kitu ndani yake kinachozuia. Alichukua maji ya limau na ya kabichi, akayatia katika mchanganyiko wake wa dawa wenye tabia ya kugeuka rangi. Rangi ilichelewa kutokea. Kumbe kitu chenyewe kipo kweli! Leo vitu vya namna hiyo wataalamu huviita antioksidanti. Sisi katika habari hii tutaviita vizuia-kutu.

Alifikiri pia juu ya ugonjwa mmoja wa watu ambao hugeuza ngozi kuwa ya rangi ya shaba. Ugonjwa huo hutokea pale tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo zinapoharibika. Akaona rangi ile kama rangi ya ndizi iliyokatwa. Basi akaenda kutafuta kizuia-kutu chake katika tezi za ng'ombe pia. Fikra ile kuhusu ugonjwa haikuwa sahihi. Lakini katika tezi zile alikikuta kitu alichokitafuta. Mambo ya utafiti ndivyo yalivyo.

Mkuu wake wa kazi huko Groningen alifariki, na aliyeshika nafasi yake hakupendezwa na kazi ya Albert. Kazi ikaisha. Fedha zikaisha. Akampeleka mke na mtoto kwa wakwe zake. Alikata tamaa kabisa. Kabla ya kuacha utafiti, alikwenda kusikiliza mkutano mmoja wa wataalamu huko Stockholm, Uswidi. Alikaa pamoja na wasikilizaji wengine, bila mtu kumjua. Mwenyekiti alikuwa Profesa Hopkins wa Cambridge, Uingereza, mtu mwenye sifa kubwa. Katika hotuba yake Hopkins alilitaja jina la Albert na kuisifu kazi yake. Baada ya mkutano Albert alimwendea, akajitambulisha. Akakaribishwa Cambridge.

Huko alifanikiwa kukitoa kile kitu kikavu, kikawa punje nyeupe kama sukari. Lakini kilikuwa kidogo mno, hakikufika hata gramu moja. Akatakiwa akipe jina. Kwa utani alikipa jina lenye maana kwamba yeye hajui ni kitu gani. Mhariri wa gazeti la wataalamu alikasirika, akalikataa. Albert akaleta jina jingine lenye maana kwamba Mungu ndiye anayejua. Hilo nalo likakataliwa. Mwisho mhariri akachagua jina la kitaalamu lisilochekesha mtu.

Baadaye Albert alikwenda Marekani kwa muda. Huko machinjio makubwa ya mji wa Saint Paul yalimpa tezi nyingi za ng'ombe. Alifanya kazi kwa miezi mingi, akapata gramu 25 hivi, yaani vijiko vichache vya chai. Ilikuwa mali ya thamani kwake, lakini haikutosha kumaliza uchunguzi.

Chakula cha jioni

Miaka ya 1930 ilipoanza, Albert alirudi kwao Hungaria kufundisha katika chuo kikuu cha mji wa Szeged. Mwaka 1931 alifika kijana mmoja kutoka Marekani, jina lake Svirbely, aliyejua kuchunguza vitamini.

Wakati ule wataalamu walijua kwamba mtu asiyekula matunda wala mboga kwa miezi mingi hupata ugonjwa wa kiseyeye. Ufizi huvimba na kutoka damu, meno hulegea, vidonda vya zamani hufunguka, na mwisho mtu hufa. Mabaharia wengi sana walikufa hivyo. Mwaka 1747 daktari wa Kiskoti aitwaye James Lind aliwapa mabaharia wagonjwa machungwa na malimau, wakapona. Kitu kilichowaponya kiliitwa vitamini C, lakini hakuna aliyekuwa amekiona.

Albert na Svirbely walichukua simbilisi. Hao ni wanyama wadogo wasio na mkia. Mwili wa simbilisi, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Ng'ombe na mbuzi walio zizini kwako hujitengenezea yao wenyewe ndani ya maini. Binadamu hawezi, lazima aile. Basi simbilisi wote walipewa chakula kisicho na vitamini C. Kundi moja liliongezewa punje kidogo za Albert. Kundi hilo lilikaa na afya. Kundi jingine liliugua kiseyeye, likafa. Kile kizuia-kutu cha ndizi na limau ndicho vitamini C yenyewe! Mtaalamu mwingine wa Marekani, Charles King, alitangaza jambo hilo mapema kidogo mwaka 1932, na watu waligombana kwa miaka juu ya nani wa kwanza.

Lakini punje zilikuwa zimekwisha. Tena kuzitoa katika limau ni kazi ngumu kwa sababu ya sukari iliyomo. Jioni moja mke wa Albert alimwandalia pilipili hoho nyekundu. Albert hakuzitaka. Hakutaka pia kugombana na mkewe. Akakumbuka kwamba hajawahi kuchunguza pilipili hoho. Akazichukua, akatoka nazo mezani, akaenda maabara. Usiku huo huo alijua kwamba amepata hazina. Pilipili hoho zilikuwa na vitamini C nyingi mno, na mji wa Szeged ulijaa pilipili hoho kama Moshi inavyojaa ndizi.

Katika wiki chache alipata zaidi ya kilo moja. Hakuificha. Aliwagawia wataalamu wa nchi mbalimbali ili nao wachunguze. Profesa Haworth wa Uingereza aligundua jinsi kitu hicho kilivyojengwa. Mwaka 1937 wote wawili walipewa tuzo ya Nobel, Haworth ya kemia, Albert ya elimu ya tiba.

Vita vya pili

Mwaka 1939 Urusi iliishambulia nchi ndogo ya Finland. Albert akatoa nishani yake ya Nobel, ya dhahabu, kuwasaidia watu waliopatwa na mabaya ya vita vile.

Kisha vita viliifikia Hungaria. Serikali yake ilikuwa upande wa Hitler. Albert alimchukia Hitler. Mwaka 1943 alikwenda Istanbul, Uturuki, akisingizia kwamba anakwenda kutoa mhadhara. Kwa siri alikwenda kuonana na Waingereza na Wamarekani, kutafuta njia ya kuitoa nchi yake katika vita. Siri ilivuja. Hitler mwenyewe alipata habari. Albert aliwindwa, akawa anajificha huku na huko mpaka vita vilipokwisha mwaka 1945.

Mwaka 1947 alihamia Marekani. Alifanya kazi katika kijiji cha pwani kiitwacho Woods Hole. Huko alichunguza misuli na baadaye saratani. Alipenda kuogelea na kuvua samaki. Vita vya Vietnam vilipotokea alivipinga waziwazi, ingawa alikuwa raia mgeni.

Mapafu

Katika uzee wake, akiwa na miaka 84 hivi, Albert alipatwa na nimonia. Haikutaka kwisha. Alikuwa akimeza gramu moja ya vitamini C kila siku. Akaongeza mpaka gramu nane. Nimonia ikaisha, naye akaamini kabisa kwamba vitamini ndiyo iliyomponya.

Je, ni kweli? Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu jambo hili linatuhusu.

Ndani ya mapafu yako mna vijifuko vya hewa vingi mno, mamilioni kwa mamilioni. Kuta zake ni nyembamba sana. Upande mmoja kuna hewa, upande wa pili kuna damu. Hapo ndipo oksijeni huingia mwilini. Kwa hiyo hakuna mahali pengine mwilini panapokutana na oksijeni nyingi kama hapo. Mwili unajua hatari hiyo. Umezipaka kuta zile majimaji yenye vizuia-kutu, na vitamini C ni mmojawapo.

Mtu akipata nimonia kali au jeraha kubwa, au akivuta moshi mwingi wa nyumba inayoungua, askari wa mwili hukimbilia mapafuni. Askari hao ni chembe nyeupe za damu. Silaha yao ni oksijeni iliyofanywa kali sana. Huua vijidudu, lakini wakizidi huchoma pia kuta za vijifuko. Kuta zikitoboka, maji ya damu huvuja ndani. Mgonjwa huzama huku yuko kitandani.

Basi madaktari walifikiri kama Albert alivyofikiri juu ya ndizi. Kwa nini wasimpake mgonjwa limau, yaani wasimpe vizuia-kutu vingi? Wamejaribu. Mwaka 2019 huko Marekani walitangaza matokeo ya wagonjwa mahututi 167. Nusu yao hivi walitiwa vitamini C nyingi kwenye mshipa. Mambo ambayo madaktari walikusudia hasa kuyapima hayakuwa na tofauti, ingawa waliokufa katika kundi la vitamini walikuwa wachache zaidi. Watu wakapata matumaini. Mwaka 2022 yakatangazwa matokeo ya wagonjwa 872 wa nchi kadhaa, wenye maambukizo makali. Mara hii waliopewa vitamini C walipata matokeo mabaya zaidi. Kwa hiyo kupona kwa mzee mmoja, hata akiwa na tuzo ya Nobel, si ushahidi wa kutosha. Anayekuuzia vidonge sokoni na kudai vinalinda mapafu, mwulize amevipima kwa wagonjwa wangapi.

Nimonia ni ugonjwa wa kupelekwa zahanati upesi, hasa kwa mtoto anayehema haraka. Mapera, mapapai, machungwa na mboga za majani ni chakula. Vile kwa kiseyeye, ole wake asiyevila! Lakini havichukui nafasi ya daktari.

Vijana wetu wanaobeba mizigo ya wageni mlimani wanayajua mapafu yanayojaa maji kwa njia nyingine. Kilele cha Uhuru kina mita 5,895. Mtu akipanda haraka kuliko mwili unavyoweza kuzoea, mapafu yanaweza kuvuja. Hukohoa, hukosa pumzi hata akiwa amekaa, na kifua hutoa sauti kama maji yachemkayo. Wako wanaobeba limau au tangawizi wakidhani ni kinga. Tiba ya kwanza ni kumshusha mara moja, hata kama ni usiku, na kumpa oksijeni ikiwapo.

Jambo la mwisho kuhusu mapafu ndilo baya kuliko yote. Ipo dawa ya kuua magugu iitwayo paraquat. Ilianza kuuzwa mwaka 1962, na imetumika katika mashamba ya kahawa na chai katika nchi nyingi. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliacha kuiruhusu mwaka 2007. Funda moja tu linaweza kuua. Dawa hii ikinywewa hukusanyika mapafuni, na huko huigeuza oksijeni kuwa kali, tena na tena, bila kukoma. Mapafu huungua na kugeuka makovu. Mgonjwa anaweza kukaa siku kadhaa, hata wiki, akili zake zikiwa timamu, huku pumzi ikipungua. Hata oksijeni ya hospitali, ambayo huwasaidia wagonjwa wengine, kwa huyu huongeza moto. Madaktari wamejaribu vitamini C, vitamini E na vizuia-kutu vingine. Hakuna hata kimoja kilichothibitika kuwa tiba.

Nimeona katika nyumba zetu dawa za shamba zikiwekwa katika chupa za soda, chini ya kitanda au kando ya mafuta ya taa. Mtoto anayerudi shule na kiu hajui kusoma kilicho ndani ya chupa isiyo na maandishi. Dawa ibaki katika chupa yake ya dukani, yenye karatasi yake, ndani ya sanduku lenye kufuli. Na wewe sasa unaweza kuisoma karatasi ile.

Mwisho wa Albert

Albert aliendelea kufanya kazi akiwa mzee sana. Katika miaka yake ya mwisho alikuwa akitafuta jinsi mambo haya ya oksijeni yanavyohusika na saratani. Fedha za utafiti zilikuwa za shida, na wataalamu wengi hawakukubaliana naye. Hakuacha.

Alifariki tarehe 22 Oktoba 1986 huko Woods Hole, akiwa na umri wa miaka 93. Mwaka uliofuata chuo cha udaktari cha Szeged kilipewa jina lake. Katika mji huo pilipili hoho nyekundu hutungwa kwenye nyuzi ndefu na kuanikwa, kama zilivyokuwa zikianikwa jioni ile aliyokataa kula.